Upana wa Tairi za Baiskeli katika Matope ya Eastlands

Udongo mweusi wa Njiru, Ruai, Utawala na sehemu kubwa ya Embakasi, upande wa Eastlands jijini Nairobi, ni mfinyanzi. Kiangazi hukauka ukapasuka nyufa. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, hunyonya maji, hufura na kunata kama gundi. Mtu anayetoka Ruai kwenda kazini kwa baiskeli hupambana nao kwenye vichochoro vya mtaa, kisha hukutana na lami ndefu ya Barabara ya Kangundo na ya Jogoo. Tairi ni zile zile safari nzima.

Gurudumu huzama penye ardhi laini kwa sababu uzito umekusanyika mahali padogo. Presha ikipunguzwa, tairi hutandaa na kukanyaga eneo kubwa zaidi. Mwendeshaji na baiskeli yake wakifika kilo 90, kwa psi 40 magurudumu yote mawili hukanyaga takriban sentimita 32 za mraba. Kwa psi 20, eneo hilo huwa maradufu. Tairi nyembamba haiwezi kushushwa hivyo: rimu hugonga jiwe, tyubu ikabanwa na kutoboka. Tairi pana huvumilia. Ndiyo maana waendeshaji wa Alaska, tangu miaka ya 1980, walitafuta njia za kupanua rimu ili wapite juu ya theluji, na mwaka 2005 kampuni ya Surly ikaanza kuuza Pugsley, baiskeli ya tairi za inchi 3.7. Kwenye theluji laini tairi za namna hiyo hujazwa hata chini ya psi 10.

Mchanga mkavu nao hukubali dawa hiyo. Mfinyanzi huikataa. Theluji hubaki nyuma ya gurudumu, ilhali udongo mweusi hupanda nalo, ukajaa kwenye foku, chini ya madigadi na kando ya breki, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kadiri tairi ilivyo pana ndivyo inavyozoa tope jingi na kubakiza nafasi ndogo ya kulipitisha. Penye tope la juu juu lenye ardhi ngumu chini yake, tairi nyembamba hulikata na kufika panaposhika.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni nafasi iliyopo kati ya tairi na foku: kidole kipite bila kugusa, kila upande. Baiskeli ya Black Mamba na tairi yake ya inchi 1½ ingefaa kwa wembamba wake, ila madigadi yake hufunika gurudumu kwa karibu na tope hukwama humo haraka. Kwa wengi wa Eastlands, inchi 1.75 hadi 2.1 ndiyo saizi ya busara, na meno yaachane vizuri ili tope litoke. Meno yaliyosongamana huziba, tairi ikateleza kama haina meno kabisa.

Kabla ya kuingia vichochoroni hewa hupunguzwa kidogo. Lami ikifikiwa, pampu hurudishwa kazini, kwani tairi iliyolegea humchosha mwendeshaji bure hadi mjini.