Ufagio wa Soo Nne

Kama hujawahi keti kwa meza ya Dungeons & Dragons, rada ni hii: mbogi ya wasee wanne ama watano, kila mtu na mhusika wake, na DM mmoja mwenye anashikilia stori. Ukitaka kudunga joka mkuki, unarusha dadu ya pande 20 na dadu inaamua. Gemu ilitoka Marekani 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Hadi leo, kitu inasumbuanga DM kushinda majoka yote ni bei ya vitu za uchawi.

Tulikuwa keja ya beste yangu Jumapili, chai na mandazi kwa meza, mimi ndio DM. Manzi mwenye anachezanga mwizi alikuwa ameweka dhahabu mos mos, akaingia kwa duka ya mchawi, akaniuliza, "Ufagio wa kuruka ni ngapi?" Nikacheki kitabu. Soo nne. Nikamuuzia.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimewapangia korongo, daraja imekatika. Msee mwenye anachezanga askari wa deraya alikuja na plani ameichora kwa karatasi: kamba inafungwa wapi, nani anatangulia, nani anashikilia nyuma. Manzi akapanda ufagio, akavusha watu mmoja mmoja. Dakika mbili imeisha. Msee akakunja karatasi yake, akaiweka mfuko. Hiyo karatasi inaniuma mpaka wa leo.

Sasa cheki hesabu. Kitabu ya DM ya 2024 inapanga bei na unadra: kitu ya kawaida 100, isiyo ya kawaida 400, nadra 4,000, nadra sana 40,000, za hekaya 200,000. Kitu ya kutumia mara moja inauzwa nusu. Dawa ya kuruka, yenye unakunywa na ikifika saa moja imeisha, imewekwa kwa nadra sana, so chupa ni 20,000. Ufagio wenye unaruka kila siku ni 400. Yaani doh ya chupa moja inanunua fagio 50! Maze, hiyo bei haijaangalia kitu inafanya nini kwa meza. Imeangalia tu jina ya unadra.

Wazee wa toleo la tatu la gemu, 2000, walijaribu fomula ya bei. Kwa upanga, unachukua nyongeza yake kwa dadu, unaizidisha na yenyewe, halafu mara 2,000. Upanga wa +1 uchawi wake ni 2,000, wa +2 ni 8,000, wa +3 ni 18,000. Naiheshimu sana hiyo akili, ju kila ukipanda ngazi unaumia zaidi. Lakini wajanja walipata mlango. Spelo moja ya levo ya kwanza inakupea +20 ya kulenga kwa pigo moja. Ukiifunga kwa pete ikae ikiwaka, fomula inasema 2,000. Kwa 2,000 karibu hukosi mtu tena, na ni bei sawa na ya uchawi wa huo upanga wa +1! Kitabu yenyewe ilisema fomula ni pa kuanzia tu, halafu ulinganishe na vitu ziko tayari. Wengi waliruka hiyo mstari.

Mimi siku hizi nauliza maswali mbili kabla niseme bei. Hii kitu inafanya kazi mara ngapi? Na inanyang'anya nani kazi yake? Upanga wa +1 unaongeza asilimia 5 kwa dadu na haumtoi mtu kwa stori. Uza bila stress. Ufagio unafuta kamba, ngazi, mto, ukuta, na kila msee mwenye alijijenga kwa hizo vitu. Tena tangu 2014 kuna sheria ya kufungamana: vitu zenye nguvu, mtu anashikilia tatu pekee. Ufagio hauko kwa hiyo sheria, ndio maana unapita kimya kimya.

Sikumpokonya manzi ufagio wake, ju alinunua kwa bei nilimpea. Tulibonga sote kwa meza, akakubali uhesabiwe kati ya vitu zake tatu. Kwa duka, mwenye atataka mwingine atalipa 4,000.

DM mwenzangu, kabla useme bei, cheki kwanza nani hapo kwa meza amekuja na kamba.