Bibi Cotten na gitaa la kichwa chini

Mpiga gitaa yeyote akiiona picha ya Elizabeth Cotten kwa mara ya kwanza hudhani imechapishwa kinyume. Mkono wa kulia ndio ulioshika shingo ya gitaa, na uzi mnene wa besi, ambao kwa kawaida hukaa juu, uko chini kabisa. Picha haina kosa. Bibi huyu wa Kimarekani alikuwa na shoto, na gitaa alilolipata lilikuwa limefungwa nyuzi kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia. Wenye shoto wengi huzing'oa nyuzi na kuzipanga upya. Yeye aligeuza gitaa tu, nyuzi akaziacha zilivyo.

Kwa hiyo kila kitu kilihama. Kwa wapigaji wengine gumba hutunza besi, vidole hutafuta wimbo. Kwake vidole ndivyo vilivyotunza besi, na gumba, kidole kizito kuliko vyote, likabeba wimbo. Ndiyo maana wimbo wake hutoka mnene na kutulia mbele ya besi. Vijana wanaojifunza mtindo huu leo kwa kushika gitaa kama kawaida hupata noti zote, ila uzito ule huwaponyoka.

Hakufundishwa na mtu. Alizaliwa mwaka 1893 karibu na Chapel Hill, mahali panapoitwa leo Carrboro, jimbo la North Carolina, reli ikipita jirani. Alianza kwa kuipiga banjo ya kaka yake, mwenyewe akiwa kazini. Akiwa bado mtoto aliingia kazi za ndani kwa mshahara wa senti 75 kwa mwezi, akadunduliza mpaka akanunua gitaa la dola 3.75. Alipokuwa na miaka kama 11 au 12 akatunga wimbo kuhusu treni ya mizigo, "Freight Train". Kisha akaolewa, akazaa binti, watu wa kanisani wakamwambia aachane na nyimbo za kidunia. Gitaa likawekwa kando kwa takriban miaka 40.

Lililolirudisha ni tukio ambalo mwandishi wa riwaya angeambiwa amezidisha chumvi. Cotten alikuwa akifanya kazi katika duka kubwa mjini Washington alipomkuta mtoto wa kike aliyepotezana na mama yake. Akamrudisha. Mtoto huyo alikuwa Peggy Seeger, na mama alikuwa Ruth Crawford Seeger, mtunzi wa muziki aliyetumia miaka mingi kuandika kwa noti nyimbo za kienyeji za Marekani. Baba, Charles Seeger, alikuwa mtaalamu wa muziki. Pete Seeger, mwimbaji maarufu, alikuwa mwanawe wa ndoa ya kwanza. Cotten akaajiriwa nyumbani kwao kama mpishi na mfanyakazi wa ndani, na ukutani jikoni kulikuwa na gitaa. Siku moja Peggy akamkuta analipiga.

Kazi ya kurekodi ikafanywa na kaka yake Peggy, Mike. Kati ya mwishoni mwa 1957 na mwanzoni mwa 1958 alikuwa akienda nyumbani kwa Cotten na mashine ya kurekodia ya kanda, akaisimika chumbani kwa bibi huyo. Kampuni ya Folkways ya New York ikazitoa rekodi hizo kwenye santuri mwaka 1958. Cotten alikuwa na miaka 65.

Sikiliza santuri ile. Anaimba kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka chumba cha pili kimsikie. Sauti ni ya mtu mzima, imechakaa, na kwa maoni yangu nyimbo zisizo na maneno, kama "Wilson Rag", zina nguvu kuliko zile anazoimba. Lakini studio ya wakati ule isingemsaidia: ingeweza kumwekea mpiga besi, naye besi alikuwa nayo mwenyewe mkononi. Ingemtaka apaze sauti. Muziki huu ulitungwa ndani ya nyumba, ukapigwa kwa ajili ya watu wa nyumba, na chumba kile kiliupa kipimo chake halisi.

Sisi tuliokua na gitaa kavu hatuna haja ya kufafanuliwa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo, katika Katanga ya Kongo, na wapigaji wa Katanga walioimba kwa Kiswahili walitenda kwa gumba na kidole cha shahada kazi ambayo bendi ya dansi huwagawia mpiga solo na mpiga besi. Bosco na Cotten hawakujuana. Ni vidole vyao tu vinavyofanana kazi.

Wimbo wa nyumbani una hatari yake: hauna karatasi. Peggy alikwenda Uingereza na "Freight Train" kichwani, akauimba, na Waingereza wawili wakausajili kama mali yao. Mwaka 1957 waimbaji Chas McDevitt na Nancy Whiskey wakautoa, ukapanda chati, na makundi ya vijana yakauiga, likiwamo kundi la Liverpool lililokuja kuwa The Beatles. Aliyeutunga alikuwa bado anapika na kufua nguo za watu Washington. Akina Seeger waliupigania mpaka jina lake likarudishwa, ingawa santuri zenye majina ya wale wawili waliousajili bado zipo mikononi mwa watu.

Umri haukumzuia kuendelea kurekodi. Mwaka 1967 ilitoka "Shake Sugaree", ambayo mashairi yake yalitungwa na vitukuu wake, na mwimbaji ni mmoja wao, Brenda Evans, mwenye miaka 12. Bibi anapiga gitaa na kumwachia mtoto nafasi.

Fedha za maonyesho zilimwezesha kununua nyumba Syracuse, jimbo la New York, alikohamia na familia mwaka 1978. Mwaka 1985, akiwa na miaka 92, akapata tuzo ya Grammy. Santuri iliyoshinda ilirekodiwa jukwaani, na humo anasimulia, anachekesha, anawaimbisha watu. Ni raha kumsikia, lakini gitaa husubiri zamu yake. Mimi nitachukua ile ya chumbani.