Panga Kwanza, Jenga Baadaye

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: usiuzibe kabla ya kujua umetokana na nini.

Hapa kwetu Kanja, wengi hukarabati nyumba baada ya kulipwa bonasi ya majani chai, mwezi wa Oktoba hivi. Leo pesa zimeingia, kesho fundi ameitwa. Taabu ni kwamba mvua za vuli nazo huanza wakati uo huo na kuendelea hadi Desemba. Mchanga huchukuliwa na maji, lori la kokoto hukwama matopeni. Januari ikifika, shule zinadai karo na nyumba haijaezekwa! Pesa zenyewe ni zile zile.

Nyumbani tunataka kumwongezea nyanya chumba kwenye nyumba yetu ya mbao, kwa maana magoti yanamsumbua. Baba ameamua vuli iwe ya kupanga, ujenzi uanze Januari mvua ikikatika. Mipango yenyewe ni hii:

Kwanza, aulizwe atakayelala humo. Nyanya hakutaja dari wala vioo. Alisema tu, "Sitaki ngazi, na choo kisiwe mbali." Basi mlangoni patakuwa na mteremko mdogo, na mlango utakuwa wa futi 3.

Pili, tazama maji mvua inaponyesha. Kwetu ni miteremko mitupu, na yanapopita maji usiweke msingi. Paa la mita 10 kwa mita 6 likipata mvua ya milimita 10 hutoa lita 600. Amua mapema gata zitayapeleka wapi na tangi litakaa wapi.

Tatu, chora. Kwenye karatasi ya grafu, sentimita 1 iwe mita 1. Kisha piga vigingi uani, ufunge kamba, uweke kitanda humo ndani na kujaribu kupita. Kusogeza kamba ni bure. Kusogeza ukuta ni simiti, mchanga na siku za fundi.

Nne, njia za paipu na nyaya za stima ziamuliwe kabla ya plasta. Kuna jirani aliyepiga plasta kwanza, halafu akakumbuka soketi. Ukuta ulichimbwa tena, akalipa mara mbili.

Tano, mbao. Mti wa mukima ukipasuliwa leo na kupigiliwa kesho, mbao zitapinda. Zipasuliwe mapema, zipangwe kivulini, hewa ipite katikati.

Mwisho, pesa. Tenga karo kwanza. Orodhesha vifaa na bei zake, uache akiba ya dharura, kisha mwandikiane na fundi: kazi gani, vifaa vitanunuliwa na nani, na atalipwa baada ya hatua ipi. Pesa zikipungua, punguza chumba kwenye karatasi, usije ukaacha nusu ukuta.

Kwa hivyo wenzangu, mkisikia wazazi wanatafuta fundi, wapelekeeni kalamu na karatasi ya grafu. Hesabu tunayofunzwa darasani si ya mtihani pekee.