Namba tasa zinazofunga ujumbe wa simu zetu

Hivi karibuni mama mmoja mtunza hazina wa kanisa letu upande wa Baraka alipigiwa simu na mtu asiyemjua. Mtu yule akamwomba amsomee zile namba 6 zilizoingia kwa ujumbe. Mama akamsomea. Jioni ile ile mwizi alikuwa ndani ya WhatsApp yake, akiwaomba washirika feza kwa jina lake. Tangu hapo tunaulizwa: je, ujumbe wa simu una ulinzi kweli?

Unao, na nguvu yake ni hesabu. Zidisha 47 kwa 59: utapata 2773 upesi, hata kwa kalamu. Sasa mpe mwenzako 2773 peke yake, umuulize ni namba gani mbili zilizoizaa. Atajaribu 3, 7, 11, 13, atachoka kabla ya kufika 47. Hizo mbili ni namba tasa: hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kwenda ni rahisi, kurudi ni taabu.

Mwaka 1977, huko Marekani, Rivest, Shamir na Adleman walijenga kufuli juu ya taabu hiyo. Zao la namba tasa mbili hutangazwa kwa wote. Ni kama mtu wa Baraka awagawie ndugu zake wa Kigoma kufuli zilizo wazi: yeyote aweza kufunga sanduku na kulituma kwa boti, lakini ufunguo anao yeye tu. Mwaka huo huo watu walipewa namba ya tarakimu 129 waivunje. Ilivunjika mwaka 1994, baada ya watu wapatao 600 kuunganisha kompyuta zao. Leo namba zinazotumika sana zina tarakimu 617.

Lakini namba tasa kubwa hivyo hupatikanaje? Hapa ndipo sisi tulishangaa. Kompyuta haijaribu vigawanyo kimoja kimoja. Huchukua namba kwa bahati, huipima kwa kanuni iliyotokana na Fermat, mwanasheria Mfaransa wa karne ya 17, na ikishindwa huitupa na kuchukua nyingine.

WhatsApp nayo, tangu 2016, hufunga kila ujumbe kutoka simu hadi simu. Njia yake ni tofauti kidogo, ila nayo husimama juu ya namba tasa, yenye tarakimu 77: zidisha 2 mbili-mbili hadi ziwe 255, kisha ondoa 19. Ujumbe ukitoka Fizi kwenda Baraka, wenye rezo hupitisha maneno wasiyoweza kuyasoma.

Mwizi wa mama yetu hakuvunja namba yoyote, alipewa mlango. Tulimsaidia kuomba namba 6 mpya kwa laini yake mwenyewe, na mwizi akatolewa. Kisha, katika mipangilio ya WhatsApp, mama akaweka namba ya siri ya pili, ambayo hata sisi hatuijui.