Sauti yenye kutengeneza vifuko vya dawa

Dawa ikiisha kumezwa, inatembea na damu mwilini mote. Inafika penye ugonjwa, lakini inafika vilevile pahali pazima, na mara nyingine inapadhuru. Vivyo hivyo mafuta ya samaki: ni chakula chema, lakini yakikaa katika hewa yanaharibika na kunuka. Haja ni moja: kitu kiwekwe katika kifuko cha kukilinda njiani, kiisha kifuko chenyewe kipotee bila kuacha sumu. Tuone sasa namna ya kukitengeneza kwa sauti.

1. Sauti isiyosikiwa. Sauti ni mtetemo. Mitetemo ikizidi 20 000 kwa sekunde moja, sikio la mtu haliisikii tena. Popo wenye kuwinda wadudu wanaisikia. Iko mashini yenye ncha ya chuma inayotetemeka kiasi hicho kwa nguvu nyingi. Ukiitumbukiza katika maji, mapovu madogo sana yanazaliwa, yanavimba, kiisha yanabonyea kwa ghafula. Ndani yake joto linapanda mpaka digrii 5 000 hivi, lakini kwa muda mfupi mno, hata maji yenyewe hayachemki.

2. Uzi wa salfa. Kwa mwaka 1990, Kenneth Suslick na Mark Grinstaff wa chuo kikuu cha Illinois, Marekani, walitangaza kazi yao. Walichukua maji yenye albumini, ndiyo proteini ya damu, wakatia juu yake kitu cha majimaji kisichochanganyika na maji, wakaweka ncha pale viwili vinapokutana. Kwa dakika chache tu vifuko vilikuwa tayari.

Utauliza: mafuta na maji yakitikiswa katika chupa yanaachana tena, mbona hapa hayaachani? Sababu ni kwamba sauti inafanya kazi mbili. Inapasua mafuta kuwa matone madogo, na proteini inayazunguka. Tena, mapovu yale yanageuza oksijeni kuwa kali, nayo inafunga salfa ya proteini moja na salfa ya nyingine, kama uzi wenye kushona nguo. Ushuhuda ni huu: pasipo oksijeni, vifuko havikupatikana.

3. Faida yake. Vifuko hivi ni vidogo kuliko chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo vinapita katika mishipa myembamba. Na kwa kuwa ni proteini, mwili unavivunja kama chakula. Mwaka 1994 Marekani iliruhusu Albunex, vifuko vya albumini vyenye hewa, kusudi waganga waone moyo vizuri zaidi katika picha za sauti. Kwa chakula, proteini ya ute wa yai au ya maziwa inaweza kufunika mafuta namna ileile.

4. Magumu yake. Mashini moja inatoa vifuko vichache, na ncha yake inalika polepole, ikiacha vipande vidogo vya chuma ambavyo lazima viondolewe. Tena kutengeneza kifuko si kumaliza kazi: lazima kujua kitafunguka wapi, na kwa saa gani. Kifuko chenye kufunguka mbele ya wakati hakimsaidii mgonjwa.