Frankenstein ya Mfukoni: Tuchague Ipi?

Wanafunzi wawili wanabishana kwenye semina. Mmoja anasema Elizabeth, mchumba wa Victor Frankenstein, ni binti wa shangazi yake Victor. Wa pili anakataa katakata: Elizabeth ni yatima aliyelelewa na familia maskini huko Italia, kisha wazazi wa Victor wakamchukua. Kila mmoja ana kitabu chake kidogo cha jalada gumu na anasoma ukurasa kwa sauti. Nani mwongo? Hakuna.

Mary Shelley alitoa riwaya hii kwa mara ya kwanza London mwaka 1818, bila kutaja jina lake, katika juzuu tatu. Mwaka 1831 ikatoka kwa juzuu moja, naye alikuwa ameibadilisha sehemu nyingi. Na si suala la Elizabeth peke yake. Katika matini ya 1831, Victor anajieleza zaidi kama mtu aliyesukumwa na majaaliwa. Katika ile ya 1818, uamuzi wake mwenyewe unaonekana wazi zaidi. Sasa wewe unayeandika insha kuhusu uwajibikaji wa mwanasayansi, hapo pana kazi! Hoja inayosimama imara kwenye matini moja inaweza kuyumba kwenye nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kuvutiwa na jalada, uliza: hii ni matini ipi? Baadhi ya matoleo madogo hayasemi, lakini dalili zipo. Fungua orodha ya sura. Zikienda mfululizo hadi 24, hiyo ni ya 1831. Kukiwa na juzuu tatu, na kila juzuu inaanza tena na sura ya kwanza, hiyo ni ya 1818. Usitegemee utangulizi ambao mwandishi aliuandika mwaka 1831 kueleza jinsi hadithi ilivyozaliwa, maana mhariri anaweza kuuambatisha kwenye matini yoyote.

Ukishajua hilo, basi geukia umbo. Kitabu cha sentimita 10 kwa 15 hivi kinaingia mfukoni na kusomeka ndani ya basi, lakini udogo una gharama. Soma ukurasa mzima palepale dukani: je, herufi zinaumiza macho? Maandishi ya nyuma yanapenya karatasi? Pembeni pana nafasi ya penseli? Halafu chungulia mgongo wake. Kurasa zilizoshonwa kwa uzi hufunguka vizuri na hudumu. Zilizobandikwa gundi tu huanza kuchomoka hata kama jalada ni gumu kama ubao.

Kwa maoni yangu, anayefuatilia uhakiki achukue ya 1818 kwanza, kisha aazime ya 1831 maktaba alinganishe. Na kwenye insha, tafadhali, taja mwaka wa matini. Ubishi wa semina ungekwisha kwa dakika mbili.