Lori Halikuanza na Injini

Simama Kariakoo asubuhi utaona vyombo viwili vikigombea njia: mkokoteni wa mbao uliosheheni viroba, mwenyewe amejiinamia mbele jasho likimtoka, na nyuma yake lori linapiga honi apishe. Kimoja tunakiona cha shida, kingine cha kisasa. Kwa majina, ni ndugu.

Mkokoteni haufichi kitu. Ndani yake kimo kitenzi kukokota. Lori tumelipokea kutoka Kiingereza, lorry, na wengi hudhani lilizaliwa pamoja na injini. Sivyo. Neno hilo linaonekana katika maandishi ya Kiingereza miaka ya 1830, reli zilipokuwa ndiyo kwanza zinaenea kaskazini mwa Uingereza. Lilitaja behewa bapa la mizigo, lisilo na kuta. Baadaye gari bapa la kuvutwa na farasi likaitwa hivyohivyo. Injini zilipofungwa kwenye magari ya mizigo, mwanzoni mwa karne ya 20, zilikuta jina lipo.

Lilitoka wapi? Wako waliosema ni jina la mtu, Laurie fulani. Mimi hadithi za aina hii huzishuku: Laurie huyo hana karakana, hana mwaka, hana hati. Maelezo yenye nguvu zaidi yanarudi kwenye kitenzi cha zamani, lurry, yaani kuvuta au kuburuta, kilichokuwapo tangu karne ya 16. Wataalamu bado husema “huenda”, na ni haki yao, lakini sauti zinakaribiana na maana inakaa mahali pake.

Toroli, lile la mafundi ujenzi, lina kisa kinachofanana na hicho. Trolley ilikuwa neno la lahaja ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza, katika miaka ya 1820, na inaelekea ilitokana na troll, kitenzi cha kubiringisha. Lile zimwi la ngano za Skandinavia, liitwalo pia troll, halimo kabisa. Wamarekani nao husema truck, neno ambalo yaelekea limepitia Kilatini kutoka Kigiriki trokhos, gurudumu, na hilo nalo linatokana na kitenzi cha kukimbia.

Kwa hiyo mwanafunzi akikuuliza lorry kwa asili yake ni nini kwa Kiswahili, usihangaike na kamusi. Mwambie: mkokoteni.